Wanangu wanasema nimejisahau kuwa mimi ni mzee

Mshauri, assalaam aleikum na pole na kazi.

Nina miaka 63. Nilifundisha hisabati sekondari kwa miaka 34 na kustaafu nilipofika 60, kama sheria inavyotaka. Mume wangu alitangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Nilikaa eda, nikatoka, nikarudi darasani kumalizia miezi niliyobakiza, kisha nikajikuta peke yangu kwenye nyumba yetu ya Ngamiani, hapa Tanga. Nyumba ina vyumba sita, na siku haiishi.

Siku niliyojua nimezeeka siyo ile niliyoagwa shuleni kwa keki na kitenge. Ilikuwa ndani ya daladala. Mwanamume mtu mzima, ana ndevu na mvi mbili tatu kidevuni, aliinuka akasema, “Shikamoo bibi, kaa hapa.” Nilizoea shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Hiyo ya bibi, kutoka kwa mtu wa kimo kile, ilinikwama kooni mpaka naposhuka. Nilikaa lakini, maana miguu ilikuwa inauma.

Kisa chenyewe ni hiki. Chumba cha uani nimempangisha binti wa miaka 24, fundi cherehani. Nitamwita Fundi. Miezi ya mwanzo tulikuwa watu wa salamu na kodi. Jioni moja nikamwomba anifundishe kushona, kwa sababu nilikuwa na vitenge vya miaka vimelala sandukuni na nilichoka kuangalia televisheni. Alinicheka sana. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga pedeli kwa pupa, uzi unakatika, sindano nimevunja tatu siku ya kwanza. Akawa ananiambia, “Taratibu bibi, cherehani haikimbizwi,” kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia mimi kwa watoto wa kidato cha kwanza.

Wiki ya pili nikagundua anapoteza kitambaa kila akikata sketi ya duara. Katikati alikuwa akikadiria kwa kuzungushia sahani, ikizidi anakunja, ikipungua anaharibu. Nikamwambia lete daftari. Kiuno inchi 28, gawanya kwa 6.28, yaani pai mara mbili, unapata karibu inchi 4 na nusu: hiyo ndiyo unayopima kutoka kwenye pembe ya kitambaa kilichokunjwa. Akakata. Ikakaa kiunoni kwa mteja kama imemwagwa. Aliruka, Mshauri, akanikumbatia na chaki mkononi. Katika miaka 34 hakuna mwanafunzi aliyewahi kunikumbatia kwa sababu ya pai.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa nyumba yao. Alinipeleka kwenye kikoba chao, vijana 14, mafundi, waendesha bodaboda, mmoja anauza juisi ya miwa. Mimi ndiye ninayeshika daftari la hisa. Wananiita Bibi Hesabu. Lile neno lililonikwama kooni kwenye daladala sasa naitika kwa raha. Naenda sokoni kwa baiskeli, kama nilivyokuwa nikienda kazini ujanani. Mwezi wa tatu nilianguka kidogo, goti likavimba, Fundi akanikanda kwa maji ya moto yakaisha. Wanangu hawajui na sioni haja ya wao kujua.

Ugomvi umetokana na pesa. Nilimkopesha Fundi laki tisa kutoka kwenye mafao yangu akanunua ovaloki. Tulikubaliana elfu sabini na tano kila mwezi, na ameshalipa miezi mitano bila kuruka. Hatukuandikishiana. Binti yangu wa pili alipokuja kunitembelea akaiona ile mashine, akauliza, nikamjibu ukweli. Kesho yake simu zikaanza. Mwanangu mkubwa akasema, “Mama, wenzako wanakaa na wajukuu, wewe unakaa na wahuni.” Wanasema hao vijana wanakinyemelea kiinua mgongo. Wanasema mzee juu ya baiskeli ni aibu. Wameitisha kikao cha familia baada ya Idd, na najua watakachosema: nihamie Goba, Dar es Salaam, kwa huyo mkubwa, nyumba ipangishwe yote. Mkewe amejifungua na wote wawili ni watu wa kazi.

Wananiuliza kwa nini sikai na wenzangu. Nilikuwa nao, kwenye darsa la akina mama. Nikaacha. Maongezi ni sukari, presha, na nani kafa. Sikutaka kukaa kwenye foleni ya kusubiri kufa.

Kuna jambo moja linaniuma zaidi ya yote. Mjukuu wangu wa kwanza, binti wa miaka 15, aliletwa kwangu likizo ya Desemba akae wiki mbili. Asubuhi “shikamoo bibi,” halafu simu mpaka usiku. Nilijua hisabati inamsumbua, nikamtafutia mitihani iliyopita, nikamwekea saa mezani. Alifanya maswali mawili akalia. Siku ya nne akampigia baba yake aje amchukue. Inakuwaje mtoto wa watu ananipenda, na damu yangu inanikimbia?

Nihame? Nigome? Au ni kweli nimejisahau?

Mwalimu Mstaafu, Tanga

*

Shikamoo, Mwalimu.

Nina miaka 51, kwa hiyo shikamoo hiyo ni haki yako. Kiti bado sijakupisha.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimecheka kwenye sindano na kunyamaza kwenye ile ya Desemba. Unaniuliza kama uhame au ubaki. Nitafika huko, ila naona umebeba mambo matatu kwenye kapu moja. Wanao wanaogopa, nawe unasikia wanakudharau. Umepata marafiki vijana, na wanao wanasikia unaibiwa. Na kuna mtoto wa miaka 15 ambaye hakuna aliyemuuliza chochote.

Nianze na hilo neno mzee, maana naona linawapiganisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Wewe ni mzee wa kiserikali tayari, tena wa miaka mitatu. Lakini panda chombo uvuke kwenda Pemba, ambayo watu wa Tanga ni jirani zenu: pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ilimtaka mtu awe ametimiza 70. Kwa kipimo hicho ungeambiwa urudi baada ya miaka saba. Nayasema haya kukuonyesha kwamba mstari huo huchorwa na watu, kwa sababu za kazi na bajeti, na kila ofisi ina rula yake. Mwanao ana rula yake pia. Na wewe, Mwalimu, unayo.

Tena yako ni kali kuliko zote. Umewaita wanawake wenzako wa darsa watu wa foleni ya kusubiri kufa. Nimeliona hilo nikasema huyu analalamika kuwekwa kwenye boksi huku ameshika boksi lingine anawatia wenzake. Hivi hao wanaozungumza sukari na presha hawana mengine? Umewahi kumuuliza mmoja wao alikuwa anataka kuwa nani alipokuwa na miaka 20? Pengine kuna aliyeshona magauni ya nusu ya Ngamiani miaka ya sabini na hakuna anayemuuliza kwa sababu kila anayekaa naye anataka kujua sukari yake imesoma ngapi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Becca Levy walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu wa mji mmoja mdogo wa Ohio: waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Wewe ni mtu wa hisabati, utaniwahi kuniambia kwamba vitu viwili kwenda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimemzaa mwenzake, na watafiti wenyewe wanajua hivyo. Hata hivyo ningependa ujichunguze: jicho jema ulilonalo kwa Bibi Hesabu, unalo kwa wazee wengine pia? Siku magoti yatakapogoma kabisa utakuwa mmoja wao, na utahitaji mtu wa kuzungumza naye presha.

Sasa Fundi. Wanao wanauliza anataka nini kwako. Ni swali halali, ingawa wameliuliza kwa matusi. Nilivyosoma mimi, huyu binti analipa deni lake kila mwezi, anakukanda goti, na anakuambia taratibu unapokosea. Tapeli kwa kawaida hakwambii umekosea. Lakini simjui, nawe unamjua kwa mwaka tu au zaidi kidogo. Ana miaka 24. Anaweza kuolewa Muheza mwezi ujao, anaweza kupata fremu mjini akahama, anaweza kuugua akashindwa kulipa. Hayo yakitokea bila karatasi, wanao watasema walijua, na urafiki wenu utaanguka kwa sababu ya salio la laki tano na ishirini na tano ambalo pengine hata hulihitaji. Andikishianeni. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi moja, sahihi mbili, shahidi mmoja. Kama unaona kufanya hivyo ni kumtilia shaka, mwambie ni kwa faida yake: siku Mungu akikuita, warithi wako watamkuta na karatasi inayoonyesha alichokwishalipa. Bila hiyo wanaweza kumdai yote, au kuibeba ovaloki.

Na daftari la kikoba nalo, tafuta kijana mmoja uanze kumfundisha. Mtu mmoja kushika hesabu za watu 14 ni hatari kwao na kwako, hata akiwa mwaminifu kama wewe.

Nirudi kwa mjukuu, kwa sababu ndiko barua yako inakovuja.

Unauliza inakuwaje mtoto wa watu anakupenda na damu yako inakukimbia. Soma tena barua uliyoniandikia. Kwa Fundi uliingia ukiwa mwanafunzi. Ulivunja sindano tatu mbele yake. Alikucheka, ukamwacha acheke. Hesabu ilikuja wiki ya pili, tena kwa kitu alichokuwa anakihangaikia yeye, na kitambaa kikiwa mezani. Kwa mjukuu ulianzia kwenye mtihani, ukaweka na saa. Fundi ana bibi anayejifunza, mjukuu akapata msimamizi wa mtihani likizoni. Nisamehe kwa kusema hivi, lakini ningekuwa na miaka 15 hata mimi ningempigia baba.

Tulikotoka, bibi na mjukuu walikuwa watu wa utani. Wazazi ndio wenye fimbo. Bibi ndiye unayekimbilia. Bibi anamwita mjukuu wa kike mke mwenza, wanagombea babu mpaka watu wanashika mbavu, na katikati ya vicheko hivyo mtoto anasema yale asiyoweza kumwambia mama yake. Utani ule ulikuwa na kazi. Siku hizi bibi anaonana na wajukuu mara moja kwa mwaka, anataka amalize mapenzi yote na mafunzo yote ndani ya wiki mbili, basi anaishia kukagua ripoti.

Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akifanya kazi na bibi wanaokaa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Walianza bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Mtu aliyelemewa na mawazo, ambayo kwa Kishona huyaita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, anakaa pale benchini na bibi anamsikiliza. Wengi wanaokwenda ni wenye umri wa watoto na wajukuu zao. Kinachonivutia ni kwamba bibi hao walifundishwa kwanza. Umri peke yake haukutosha kuwafanya wasikilizaji. Walikaa darasani wakajifunza kuuliza na kumwacha mwenye shida atafute njia yake. Wewe ulifundisha miaka 34, kwa hiyo mdomo wako umezoea jibu kutangulia. Nakuonea huruma, maana hata mimi ninayekuandikia hapa ni mgonjwa wa ugonjwa huohuo.

Je, itakuwaje likizo ijayo umwite mjukuu akufundishe kitu? Hiyo simu anayoishikilia, labda ndani yake kuna jambo analolijua vizuri. Muombe awapigie picha magauni ya Fundi ayaweke mahali wateja wayaone. Muweke karibu na cherehani akuone unavyokosea. Sikuahidi kwamba atachangamka. Anaweza kukaa siku tatu akinuna. Na hisabati usiitaje kabisa mpaka aitaje mwenyewe, hata ukiona anakata kitambaa kwa sahani na roho inakutoka.

Nilifikiria pia mzee Kimani Maruge wa Eldoret, Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure. Picha zake zilizunguka dunia nzima: sare, kaptula, soksi, kakaa kati ya watoto. Watu walimsifu kwa ujasiri. Mimi naiangalia ile picha na kuwaza watoto waliokaa naye dawati moja, ambao walimwona babu mzima anahangaika na herufi kama wao. Sidhani walimwogopa. Nakwambia hivi kwa sababu ya lile swali lako, kama umejisahau. Mtu anayetaka kujifunza kushona akiwa na miaka 63 sioni alichosahau.

Kuhusu Goba. Umeandika kana kwamba kuhama ni kufungwa, na pengine ni kweli. Kuna mama wengi waliokwenda mjini kusaidia mzazi aliyejifungua, miaka sita baadaye bado wanabeba mtoto mgongoni, hawana rafiki hata mmoja mtaani, na kwenda dukani wanaaga. Kama mwanao na mkewe wanahitaji mlezi wa mtoto, hilo ni hitaji la kweli na halina aibu, ila liitwe kwa jina lake. Lisivikwe koti la “tunakuhurumia mama.” Upande wa pili, huko kuna mjukuu unayemlilia, kuna hospitali kubwa, na kuna kichanga ambacho hakitakungoja. Ukibaki Tanga unabaki na jina lako, baiskeli yako, na watu wanaogonga mlango jioni. Usiku wa manane ukizidiwa, anayegonga ni nani? Leo ni Fundi. Akihama?

Katikati ya hayo mawili kuna nafasi, na sijui kama mmewahi kuizungumza. Unaweza kwenda Goba miezi mitatu ya uzazi, kwa tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi iliyotajwa mbele ya wote, na nyumba yako isipangishwe chumba chako. Ina hatari yake: miezi mitatu huwa na tabia ya kuzaa mingine mitatu. Unaweza kubaki na mkubaliane nani anakupigia lini, nani ana ufunguo, na Fundi apewe namba za wanao wote, nao wawe na yake. Hiyo ya mwisho naona ina faida ya ziada. Ni vigumu kuendelea kumwita mtu mhuni baada ya kuzungumza naye kwenye simu kuhusu dawa za mama yako.

Kikao usikisusie. Ukisusa, watakaa bila wewe na wataamua. Ila kama ningekuwa wewe ningewahi kabla ya Idd, nimpigie mkubwa peke yake, bila dada yake na bila mkewe, nimuulize swali moja: “Mwanangu, unaogopa nini hasa?” Halafu ninyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Inawezekana anaogopa pesa. Inawezekana anaogopa kupigiwa simu usiku na mtu asiyemjua kuambiwa mama yako kaanguka. Baba yake alifariki miaka minne tu iliyopita, na kwenye barua yako nzima sijaona mahali ambapo wewe na wanao mmemzungumza.

Ndiyo maana nimebaki na lile goti. Umelitaja kwa sentensi moja, kati ya soko na ovaloki, ukapita mbio. Fundi anajua, wanao hawajui, na sasa mimi najua. Ulianguka mwezi wa tatu. Sasa ukipanda ngazi au ukiinuka kwenye sala, linasemaje? Kama bado linauma, nenda likapigwe picha kabla ya kikao, na karatasi ya daktari uende nayo. Baiskeli iache kwa Fundi hizo wiki mbili tatu. Yeye anajua kuendesha?